Mdomo wa Papa Ilunga

Kosa langu la kwanza katika kazi ya kuchora sura za watu lilikuwa namba. Nilimchora marehemu Mwamba, mchimbaji wa shaba, na nikamwekea kifuani kibao cheusi chenye namba yake ya kazi kwa chaki nyeupe. Kibao kilitoka vizuri mno. Vumbi la chaki lilikuwa limekaa kwenye ukingo wake hivi kwamba ungetaka kulipuliza.

Mjane wake, Mama Stefania, alikuwa ameniletea picha moja tu, kwa sababu hakukuwa na nyingine. Ilikuwa ile ambayo kampuni iliwapiga wanaume siku ya kuandikwa kazi: unasimama mbele ya ukuta mweupe, unashika kibao chako, unaambiwa usitikisike. Nami nilikuwa kijana mwenye hofu ya kukosea hata unywele mmoja. Nilinakili kila kilichokuwamo. Alipokuja kuchukua kazi yake, pamoja na shemeji yake Banza, nilisimama pembeni nikingoja kusifiwa.

"Donati," akasema, "huyu njo nani?"

"Iko Baba Mwamba, mama."

"Haina yeye. Huyu iko muntu ya kampuni." Akasogea karibu na picha. "Miye nilizala batoto na namba?"

Banza akacheka, akajaribu kuzuia, akashindwa. Mama Stefania naye akacheka, halafu kicheko kikamgeukia kilio, akafuta uso kwa ncha ya kitenge. "Na tena anaogopa," akasema. "Angalia macho yake. Bwana yangu hakuogopaka muntu."

Nawaandikia ninyi vijana mliochukua kibanda changu hapa cité, mtaani kwetu. Najua mnanicheka: mstaafu gani huyu asiye na mvi? Lakini macho yangu hayavumilii tena terebantini ya kuyeyushia rangi, na daktari amenipa kuchagua kati ya brashi na kuona. Nimechagua kuona. Kwa hiyo niwaambie yale niliyoyajua, kabla sijaanza kuyapamba.

Nilianza kwa herufi. Papa Ilunga alikuwa fundi wa maandishi katika karakana ya reli hapa Elisabethville. Mabehewa mengi mliyoyaona yakipita kwenda kusini yalibeba mkono wake ubavuni. Jumapili aliandika vibao vya maduka, nami nilimshikia kamba ya kupimia mistari, baadaye akaniachia brashi. Alinifundisha kuegemeza mkono kwenye fimbo yenye kitambaa kichwani, ili usiguse rangi mbichi. Alinifundisha kuvuta pumzi kabla ya mstari na kuitoa mstari ukiisha. Alinifundisha kuosha brashi hadi maji ya sabuni yatoke meupe, na alikuwa akiyaangalia hayo maji kweli, akiinamia ndoo.

Shida yangu aliiona siku ya kwanza ya kushika brashi. Nilikuwa naandika kibao cha mshona nguo, na nilirudia herufi S hadi ikanenepa kuliko zote.

"Uache ile S!" akaniita toka upande wa pili wa barabara. "Ukiigusa tena itazaa!"

Wapita njia walicheka sana. Mimi nilirudi jioni, yeye akiwa ameondoka, nikaigusa tena.

Sura hakuna aliyenifundisha. Papa Ilunga mwenyewe alisema sura si kazi yake, zinatembea mno. Nilijifunza kwa kutazama picha za watakatifu kanisani na matangazo ya mafuta ya nywele. Watakatifu wote walikuwa na mashavu ya waridi, kwa hiyo watu wangu wa kwanza wote walionekana wana homa. Nilipotambua hilo nikakimbilia rangi nyeusi, na wote wakawa kama wametoka kufagia bomba la moshi. Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba ngozi yetu haina nyeusi ndani yake. Ina nyekundu ya kutu, ile ile ya kupakia mabehewa, iliyotulizwa kwa kijani kidogo, na kwenye paji la uso kuna buluu ya mbingu inayotua pale. Siku niliyoiona ile buluu kwenye paji la mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo, nilisahau kuchukua chenji nikakimbia nyumbani kuichanganya. Nyeusi nikaibakizia viatu.

Basi, picha ya Mwamba. Mama Stefania hakuniacha. Ndugu wa marehemu walikuwa wanakuja kutoka Mitwaba kuondoa matanga, naye alitaka wamkute ndugu yao nyumbani, na mtoto wake wa mwisho, aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa, amwone. Alisema, "Kama hauwezi, sema sasa." Niliogopa kusema siwezi kuliko nilivyoogopa kushindwa, nikasema naweza.

Nilifunga gunia jipya la unga kwenye fremu, nikalipaka gundi na rangi nyeupe, nikakaa mbele yake nyumbani kwa mjane. Picha ya kampuni nilikuwa nimeigeuza ukutani. Nikamwuliza Mama Stefania mumewe alikuwa na sura gani. Akasema, nzuri. Banza akasema, ya kawaida. Hiyo haichoreki. Nikawaza sana, halafu, kwa kukata tamaa tu, nikauliza: "Alikuwa anakasirika namna gani?"

Hapo nyumba ikafunguka!

"Anakasirika?" akasema Banza. "Alikuwa anafanya hivi." Akakunja nyusi zote mbili.

"Uongo, mulamu," Mama Stefania akamwambia shemeji yake. "Moja tu. Ya kuume. Na kichwa anakiweka hivi, kama kuku anasikiliza mvua."

"Ile ilikuwa kwako. Kwangu alikunja mbili."

"Juu weye ulikuwa unamukosea mara mbili!"

Wakaanza kubishana, kila mmoja akimwigiza marehemu kwa uso wake, na mimi naona! Shavu la Banza lilikuwa la ndugu yake. Nyusi ya mjane haikuwa ya Mwamba, lakini ilipanda jinsi yake ilivyopanda, kwa sababu alikuwa ameitazama miaka yote ya ndoa. Nilichora nikiwa nimesimama. Nilidondosha brashi nikachora kwa kidole. Jirani mmoja alichungulia dirishani kujua kelele ni za nini, akasema, "Lakini pua ilikuwa munene," nikainenepesha, na mjane akasema, "Ndiyo," kwa sauti ndogo, mara ya kwanza.

Hii ndiyo njia yangu yote ya kazi, na sijapata nyingine bora. Usichore peke yako na picha. Ita mashahidi, hata kama mtu yuko hai na ameketi mbele yako. Usiulize alivyofanana. Uliza anavyokula chakula kisichopikwa vizuri, anavyongoja treni, anavyodanganya. Waache wabishane. Sura iko katikati ya mabishano yao.

Siku ya kuondoa matanga picha iliegemezwa kwenye kiti. Akina mama wa Mitwaba walipoingia walilia upya, mmoja akamsalimia Mwamba kwa jina la utotoni. Ilikuwa siku yangu ya ushindi. Nakiri kwamba sikuionja furaha yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni nikitazama sikio moja ambalo lilikuwa juu kidogo kuliko jingine.

Na hapo ugonjwa wangu ukaanza. Ile kauli, "huyu njo nani?", ilikuwa imeniingia kichwani ikakaa. Kila picha ilipokaribia kwisha niliisikia, nikashika kisu kidogo cha kukwangulia rangi, nikafuta mdomo, nikafuta macho, nikaanza upya. Katekista mmoja alingoja masika hadi masika, na katikati akafuga ndevu, ikabidi nimwanze tena. Bibi arusi mmoja alirudi kuangalia picha yake akiwa na mtoto mgongoni. Wakati wa vita vya Ulaya rangi ziliadimika, nikawa nazipata kwa kubembeleza mabaki ya makopo, na hata hivyo nilikwangua rangi nzuri nikaifuta kwa kitambaa. Watu walinipenda wakanikimbia. Sikuwa nimekosa kazi. Nilikuwa nimekosa kumaliza.

Miaka ikapita hivyo, hadi Papa Ilunga alipopewa pensheni yake. Aliamua kurudi kwao, mbali kupita Mitwaba, na mkewe Mama Veronika, kulima. Binti yao Odilia alikuwa ameolewa hapa mjini na karani wa posta. Alikuja kibandani kwangu akakaa juu ya kopo.

"Kaka Donati, baba iko naenda, na hatarudia," akasema. "Magoti yake unayaona. Lori ya kule inamuvunja muntu muzima. Batoto yangu batamusahau. Unichorie yeye mbele ya kuenda."

Papa Ilunga hakuwahi kupigwa picha yoyote isipokuwa ile ya kazi, na hiyo aliirarua mwenyewe siku ya pensheni. Nilijua basi ni nini kilichokuwa mikononi mwangu. Nisipomaliza kabla lori halijaondoka, Odilia hatakuwa na baba ukutani, na wajukuu hawatamjua. Nilimwambia ndiyo. Usiku ule ule nikafunga gunia jipya kwenye fremu.

Alikuja kila Jumapili baada ya misa, na kofia yake ya karakana, akakataa kuivua. Paji la uso, lile lililobaki chini ya kofia, lilikwenda vizuri. Macho yalikwenda vizuri sana. Yalikuwa macho ya mtu anayeangalia kama mstari umenyooka, na nilipoyapata nilipiga kelele peke yangu. Mdomo ukakataa. Niliuchora, nikaukwangua. Niliuchora tena, nikaukwangua. Gunia lilianza kuchakaa mahali pale.

"Papa, utulie kidogo," nilikuwa nikisema. "Usisogeze mdomo."

Na yeye alitulia. Alifunga mdomo kabisa, akanyoosha mgongo, akatazama ukuta.

Jumapili moja Odilia alitukuta hivyo. Alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Kaka, unamusimamisha baba kama bale ba kupiga foto ya kazi," akasema. "Inabakia tu umupe kibao."

Nilikasirika kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nikimwambia kila mchoraji asifanye hivyo, na kwa mtu niliyempenda kuliko wote nilikuwa nafanya hivyo hivyo, kwa sababu niliogopa. Hata mashahidi sikuwaita. Nilitaka mdomo ule niupate mwenyewe, kamili, na nimpe kama zawadi. Nikaukwangua tena jioni ile.

Lori likaja asubuhi ya siku ya kazi, likasimama mbele ya duka la Mgiriki kwenye barabara yetu. Mama Veronika alikuwa tayari juu, ameketi kwenye magunia, kuku wawili miguuni. Dereva alikuwa anakunywa chai. Papa Ilunga akaja kibandani kuaga, Odilia nyuma yake, na nyuma ya Odilia nusu ya barabara. Kwenye fremu kulikuwa na kofia, paji, macho, pua, mashavu mawili, na chini ya pua mahali peupe.

Odilia akasema polepole, "Baba iko naenda bila mudomo?"

"Nitaweka," nikasema. "Nitaweka baadaye, kwa kukumbuka, nitatuma—"

"Kwa kukumbuka!" Papa Ilunga aliingia ndani, akaegemea mkongojo wake. "Weye Donati! Nilikupa brashi yangu. Nilikupa fimbo yangu. Behewa nilikuwa naandika asubui na mangaribi iko Sakania, ku mupaka! Nani alingoja? Treni ingengoja S yako? Sasa unataka miye niende kwetu kama bubu!"

"Ilunga!" akaita Mama Veronika kutoka juu ya lori. "Lori itakuacha!"

"Iniache!" akajibu bila kugeuka. "Niko nasema na mupumbavu!"

"Anasemaka vile," jirani akasema. "Angalia, mudomo wa chini njo unatangulia."

"Hapana," akasema Odilia, "upande wa kushoto njo unatangulia. Anaanza kushoto. Anacheka kule mbele ya kukasirika."

Na mimi niliuona! Ndiyo, kushoto. Mdomo wa chini ulisukumwa mbele kwa hasira, na kwenye kona ya kushoto kulikuwa na kicheko kilichofichwa, kile kile cha siku ya S, kilichokuwa pale miaka yote wakati ananigombeza. Brashi zangu nyembamba zilikuwa kwenye kopo, zimegandiana. Nikachukua iliyokuwa karibu, brashi pana ya herufi, nikaichovya katika nyekundu ya mabehewa.

"Endelea, papa," nikasema. "Unitukane."

"Nikutukane? Nitakutukana muzuri!" Akanitukana kwa Kiswahili, akanitukana kwa Kiluba, na watu waliokuwa mlangoni walishikana wakicheka. Mstari wa juu ulikwenda kwa pumzi moja. Wa chini, pumzi nyingine. Kona ya kushoto niliigusa kwa ncha tu, ikateleza kidogo. Dereva akapiga honi.

Papa Ilunga akanyamaza. Akaja upande wangu, akainama kama alivyokuwa akiinamia ndoo ya kuoshea brashi, akajitazama.

"Huyu," akasema, "anaweza kusema."

"Ile kona, papa, imeteleza, nipe dakika—"

"Ukiigusa tena," akasema, na kona ya kushoto ikapanda, "nitashuka ku lori na nitakupiga."

Odilia hakungoja. Aliinyanyua fremu kwa mikono miwili, rangi ingali mbichi.

"Odilia, kona—"

"Kaka, toa mukono."

Lori likaondoka na Papa Ilunga juu, akishika kofia yake. Odilia akarudi nyumbani kwa miguu, picha imetazama mbele ili isimpake nguo, na mimi nikamfuata nyuma, brashi mkononi, kama mwendawazimu. Watu wa barabarani walisimama. Mzee mmoja aliyetoka kwa kinyozi akainua kofia. "Jambo, Papa Ilunga!" akasema, halafu akaona miguu ya Odilia chini ya fremu, akashtuka, akaanza kucheka peke yake. Sijawahi kusikia sifa iliyonifurahisha kama ule mshtuko.

Hata hivyo nilikwenda kwa Odilia siku chache baadaye, nikidai nataka kuwasalimia. Alinisimamisha mlangoni. "Brashi iko mu mufuko gani?" akauliza. Nikaitoa. Akaiweka juu ya dirisha, nje, akaniruhusu kuingia. Picha ilikuwa imetundikwa ukutani juu ya meza ya kulia. Mjukuu mdogo alikuwa ameingia kuchukua sukari kwenye kopo. Alitazama juu, akaona babu anakaribia kumgombeza, akarudisha kijiko taratibu, akatoka kinyumenyume. Kona ilikuwa imeteleza. Kulikuwa na alama ya kidole gumba cha Odilia pembeni, kwenye rangi ya kofia. Nilikunywa chai yangu yote nikivitazama, na hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenipa kisu.

Papa Ilunga hakurudi mjini. Nilipopata habari ya kifo chake nilikwenda kwa Odilia na wengine, na tuliketi mbele ya ile picha, na majirani walibishana kuhusu yeye hadi magharibi, kila mmoja kwa uso wake.

Ninyi mtapata rangi bora kuliko zangu, na kuna vijana siku hizi wanaotoka shule wakijua mifupa ya kichwa kwa majina. Jifunzeni kwao, mimi ningefanya hivyo. Osheni brashi mara moja, msiziache zigandiane kwenye kopo kama mimi, ingawa siwezi kusema asubuhi ile ingekuwa bora kama ningekuwa na nyembamba. Msimwambie mtu atulie. Mkiwa na kijana aliyekufa na picha moja tu ya kazi, igeuzeni ukutani mkaite mama yake.

Nilichora sura nyingi baada ya ile. Zamani nilikuwa nafanya kazi hadi mimi nitosheke, na sikutosheka kamwe. Tangu asubuhi ya lori nilifanya kazi hadi mmoja wa watu wa yule ninayemchora amtaje kwa jina, kisha niliweka brashi chini nikawapa picha, mbichi, na makosa yake, na sikuwafuata nyuma.